Jinsi ya kubuni mkusanyo wa nguo za vuli kwa kumtazama Tamar wa Georgia

Tamar alitawazwa na baba yake, Giorgi III, mwaka 1178 ili watawale pamoja, na tangu 1184 akaitawala Georgia, nchi ya milima ya Kaukazi, yeye mwenyewe hadi mwanzoni mwa karne ya 13. Watu wake walimwita mepe, neno lile lile walilomwitia baba yake, lenye maana ya mfalme. Fundi wa Mwanza anayetaka kushona mkusanyo wa vuli kwa kumtazama mtawala huyu aanzie hapo: anashona nguo za mwenye mamlaka, zenye mistari iliyonyooka na mabega yaliyotulia, wala si gauni la bibi harusi lililojazwa marinda.

Kabla ya kugusa mkasi, tafuta picha ya ukutani iliyo katika kanisa la Vardzia, lililochongwa ndani ya mwamba, ambamo Tamar amesimama nyuma ya baba yake, wote wawili wakiwa wamevaa mavazi ya kifalme ya mtindo wa Bizanti, yaani dola ya Kirumi ya mashariki. Itazame kwa jicho la fundi. Katika picha hiyo Tamar hana alama ya mavazi ya mwanamke aliyeolewa, na ndiyo maana wataalamu husema ilichorwa baada ya 1184, kabla hajaolewa. Kipande kimoja cha nguo kimetosha kutaja miaka. Ongeza picha za kanisa la Kintsvisi, ambalo kuta zake zinajulikana kwa buluu ya jiwe la lazuli, kisha chagua mambo mawili tu ya kubeba kutoka humo. Wanaochagua matano huishia kushona mavazi ya maigizo.

Mimi ningechagua buluu hiyo pamoja na ukanda mpana wa wima, kwa kuwa watawala wa Bizanti walivaa utepe mrefu na mzito, uitwao loros, uliopambwa kwa vito na kuzungushwa mwilini. Uzito huo haufai kwetu, maana vuli ya kandokando ya ziwa huja na joto la unyevu kati ya mvua na mvua, na mteja atakayelowa jasho kabla ya keki kukatwa hatarudi kwako. Chukua umbo, uache uzito. Shona gauni la pamba nyepesi ya rangi moja, kisha weka mbele yake ukanda wa kitenge wenye upana wa sentimita 15 hadi 18, kutoka shingoni hadi kwenye upindo.

Ukanda huo ndio utakaoonyesha ufundi wako. Loweka kitenge na kitambaa cha gauni kabla ya kukata, kwa sababu pamba hurudi, na kitambaa kimoja kikirudi kuliko kingine gauni litakunjamana baada ya kufuliwa mara ya kwanza. Kata ukanda kwa kufuata urefu wa kitambaa, tena uangalie maua yake yasikatike katikati ya kifua. Tia kitambaa kigumu ndani yake kuanzia shingoni hadi chini kidogo ya kifua, halafu sehemu iliyobaki uitie bitana laini pekee, ili mvaaji aweze kupanda daladala bila kuhangaika. Pasua gauni pembeni kuanzia goti. Jaribu kwanza kwa kitambaa cha marekani, hata kama unaamini vipimo vyako. Mimi huamini vyangu, na bado huvijaribu.

Nguo nane zinatosha: magauni matatu, makoti mawili mepesi yasiyo na kola, blauzi mbili, na vazi moja la sherehe ambalo peke yake litatariziwa kwa uzi wa dhahabu. Misalaba iliyo kwenye mavazi ya kale iache kanisani. Ukihitaji nakshi, fuata wazo la sarafu ya shaba ya 1187, ambayo ilibeba herufi za jina la Tamar zilizosukwa pamoja: chonga muhuri wa mti wenye herufi za karakana yako, uuchovye katika nta ya batiki na kuugonga kwenye pindo za mikono.

Vitambaa vinunuliwe kufikia Agosti, kwa kulinganisha bei za Makoroboi na za maduka ya katikati ya mji, kwa sababu kuanzia Novemba mafundi huelemewa na sare za harusi na za sikukuu, na umeme nao huchagua siku zake za kukatika. Nguo za mfano ziwe tayari Septemba mwishoni.

Picha zipigwe kwenye miamba ya Capri Point asubuhi na mapema. Jua likipanda, jiwe hurudisha mwanga na buluu hupauka, na upepo wa ziwa ukianza ukanda utapeperuka. Shikiza ncha yake ya chini kwa pini mbili upande wa ndani.