Kanuni za watoto wadogo zikibadilishwa: namna mzazi wa Moshi au Arusha unavyotoa maoni yakasomwa

Wazazi wenzangu, hii nawaandikia hasa nyie wenye mtoto aliyechelewa kukaa, kutembea au kuongea, au mwenye mtindio wa ubongo, usonji, kichwa kikubwa, mgongo wazi, shida ya kusikia na kadhalika. Kanuni zinazowahusu watoto wetu zinabadilishwa sisi tukiwa foleni ya mazoezi ya viungo ya watoto, tunakuja kushtuka zimeshapita. Kutoa maoni hamna haja uwe mwanasheria wala mtu wa shirika, Katiba yetu ibara ya 21(2) inasema kila raia ana haki ya kushiriki kwa ukamilifu kufikia uamuzi juu ya mambo yanayomhusu yeye na maisha yake, na mtoto wako ndio maisha yako hayo.

Cha kwanza ujue kinachobadilishwa ni nini, maana mlango wa kuingilia unategemea hapo. Kama ni sheria yenyewe, mfano Sheria ya Mtoto ya 2009 au Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010, inakuja kama muswada, ukishasomwa mara ya kwanza Bungeni Dodoma unaenda kwenye kamati na kamati ndio inaita wadau watoe maoni, kwa kufika au kwa maandishi. Kama ni kanuni, yaani zile anazotunga waziri chini ya sheria, mfano za vituo vya kulelea watoto mchana, hapo maoni yanaenda wizarani, na kwa mambo ya watoto ni Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Kama ni sheria ndogo basi ni halmashauri yako, nao wanatakiwa kutangaza kusudio lao na kupokea maoni au pingamizi kabla haijapita.

Na hapo kwenye halmashauri watu wanachanganya sana. Ukikaa Pasua au Njoro wewe ni Manispaa ya Moshi, ukikaa Kibosho au Uru wewe ni Halmashauri ya Wilaya ya Moshi, ni ofisi mbili tofauti kabisa. Arusha hivyo hivyo, Sombetini ni Jiji, Ngaramtoni ni Halmashauri ya Wilaya ya Arusha, Usa River ni Meru. Karatasi ikienda sipo inazunguka huko mpaka siku ya mwisho inapita.

Halafu kuna ile Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ile wanayoiita PJT-MMMAM, inayomhusu mtoto tangu kuzaliwa mpaka miaka 8. Ilipangwa kwa miaka ya 2021/22 hadi 2025/26. Sio sheria, lakini ndio inaonyesha serikali inataka kufanya nini kwenye afya, lishe, malezi, ujifunzaji wa awali na ulinzi wa mtoto, kwa hiyo kinachofuata baada yake na chenyewe kinatuhusu, muulizeni afisa ustawi wa jamii wa kata yenu imefikia wapi na maoni yanapokelewa na nani.

Sasa rasimu utaipata wapi. Anzia kwa huyo huyo afisa ustawi au afisa maendeleo ya jamii, wakikwambia hawana nenda kwa diwani, yeye ana njia ya kuuliza halmashauri, na miswada ya Bunge inawekwa kwenye tovuti ya Bunge. Omba ya Kiswahili. Tangu 2021 sheria ilirekebishwa Kiswahili kikawa ndio lugha ya sheria, kwa hiyo kuomba rasimu ya Kiswahili sio usumbufu, omba bila aibu. Ukiipata usiprinti yote kama ni kurasa mia, itakumaliza hela, tafuta kurasa zinazomtaja mtoto mdogo na ulemavu, hizo ndio upeleke stesheneri.

Kaa nayo na kalamu. Mi huwa naangalia vitu vitano tu: umri, nani anampima mtoto, ndani ya muda gani, nani analipa, na mtoto akikataliwa mzazi anaenda wapi. Ukikuta moja halijaandikwa, hapo ndio penye maoni yako.

Umri niuseme kidogo maana ndio unaniuma. Ubongo wa mtoto unajengeka kwa kasi kubwa miaka ile ya mwanzo, chini ya mitatu, na maandishi mengi yakisema "mtoto mwenye mahitaji maalum" yanakuwa tayari yanamuwazia mtoto wa shule ya awali, yaani wa miaka mitano. Wangu alikuwa na miezi tisa hajakaa, shingo bado laini, kliniki niliyokuwa nampeleka wanapima uzito, wanajaza kadi, nikiuliza naambiwa atakaa tu mama, watoto wanatofautiana. Hawakuwa watu wabaya, hapakuwa na kitu kinachowalazimisha wamuandikie rufaa. Mama mwenye mtoto wa hivyo mjini hapa Moshi hayuko mbali na msaada, hospitali ya KCMC kuna wataalam wa mazoezi na vyuo vinavyowafundisha wapo hapo hapo, ila asipoelekezwa mapema anafika mtoto ana miaka minne, viungo vimeshakaza. Kwa hiyo ukiona rasimu inaanzia umri mkubwa andika ianzie kuzaliwa.

Na muda. Rasimu ikisema mtoto atapimwa "mapema iwezekanavyo" hiyo haimbani mtu. Omba siku zihesabike. Marekani wana utaratibu wa watoto wenye ucheleweshaji tangu kuzaliwa mpaka wanapotimiza miaka 3, ulianza kwa sheria ya 1986, na kanuni zao zinasema tangu jina la mtoto lipelekwe kwenye huduma, tathmini na kikao cha kwanza cha kupanga huduma za mtoto pamoja na familia yake viwe vimefanyika ndani ya siku 45. Jimbo likitaka kubadilisha utaratibu wake linatakiwa kuutangaza siku zisizopungua 60 na wananchi wapewe angalau siku 30 za kutoa maoni. Sisemi tuige kila kitu, uwezo wetu ni mwingine, lakini siku zikiandikwa mzazi anakuwa na kitu cha kudai. Na ukipewa rasimu Ijumaa wanataka maoni Jumatatu, hilo nalo ni la kuandika kwenye maoni yako, kwamba muda hautoshi.

Kuandika kwenyewe sasa, na hapa naomba msome pole pole. Wengi tunaandika "tunaiomba serikali yetu sikivu iwasaidie watoto wenye ulemavu". Anayesoma anakubaliana na wewe halafu anaweka pembeni, maana hamna cha kubadilisha. Anayeandaa kanuni anataka kifungu na maneno ya kuweka. Tuseme rasimu ina mstari unaosema kituo cha kulelea watoto kitapokea mtoto "anayeweza kujihudumia", na wako anavaa pampasi na ana miaka mitatu na nusu. Andika hivi: kifungu namba fulani, maneno "anayeweza kujihudumia" yaondolewe, badala yake iandikwe "kituo hakitamkataa mtoto kwa sababu ya ulemavu au kwa kuhitaji msaada wa kula na kujisaidia". Halafu sababu, mistari mitatu inatosha: mwanangu alikataliwa vituo viwili, nimeacha biashara ya nguo sokoni, mchana nashinda naye ndani hana mtoto wa kucheza naye. Basi. Kifungu, maneno mapya, sababu yako ya kweli, na hiyo sababu iwe imekutokea wewe au unamjua aliyetokewa nayo, usiongeze chumvi, wakikuuliza swali moja tu utaonekana.

Jina la mtoto usiweke, wala picha yake, wala cheti cha hospitali, maana karatasi hizi zinapita mikono mingi. Andika "mtoto wangu wa miaka mitatu", inatosha.

Ukiweza msiende mmoja mmoja. Wazazi tunaokutana siku za mazoezi tunajuana, fungueni grupu la WhatsApp, mmoja asome rasimu kwa sauti, atume voisi, kila mzazi aseme kipi kinamgusa, mwingine aandike. Wapo wasiojua kusoma na hao ndio wana mengi ya kusema, mama anayembeba mgongoni mtoto wa miaka sita kwenye daladala anajua vitu ambavyo hakuna mtaalam wa kuvikumbuka, muandikieni, mumsomee alichosema akubali, ndio asaini au aweke dole. Na kina baba waje jamani, mkutanoni tukiwa kina mama watupu wengine wanatuchukulia tumekuja kulia shida.

Mkutano wa kukusanya maoni ukiitishwa nenda mapema ujiandikishe kuongea. Dakika unazopewa ni chache, taja kifungu kwanza, hadithi baadaye, maana ukianza na hadithi kengele inalia kabla hujafika kwenye ombi. Ukimaliza wape ile karatasi, ya kusema inasahaulika.

Kupeleka ofisini, nenda na nakala mbili. Moja unaacha masjala, ya pili wakugongee muhuri wa kupokelewa na tarehe, hiyo ni yako. Akikwambia acha tu hapo mezani, mwambie kwa heshima, samahani dada, naomba unigongee na yangu. Kama ni kwa barua pepe, kichwa cha habari kiwe na jina la rasimu lile lile walilotumia wao na usifute uliyotuma. Nakala nyingine mpe diwani wa kata yako.

Baada ya hapo usikae kimya. Wiki mbili tatu ukiona kimya nenda na nakala yako yenye muhuri uulize yamefika kwa nani. Kanuni ikishapitishwa inatangazwa kwenye Gazeti la Serikali na inapewa namba ya Tangazo la Serikali, itafute kwa namba hiyo uangalie vifungu ulivyoviandikia. Kilichoingia kinahitaji hela, mwaka wa fedha unaanza Julai na halmashauri zinapanga bajeti miezi mingi kabla, kwa hiyo muulizeni diwani mapema imetengwa shilingi ngapi ya kupima watoto. Na ule ukurasa wenye kifungu chenu piga fotokopi, uwe nao kwenye mfuko wa kadi ya kliniki, siku kituo kikikwambia mtoto huyu hatumpokei unamwonyesha mkuu wa kituo namba ya kifungu, na akikataa bado, unaenda nao moja kwa moja kwa afisa ustawi.