Kupima ufukwe wa Tanganyika: umbali peke yake hautoshi

Nafundisha jiografia hapa Kigoma, na kila masika naulizwa: Ziwa Tanganyika linakula ardhi, au limejaa tu? Hayo ni mambo mawili, na kipimo kinachoyachanganya hakifai.

Anza na alama isiyohama. Kibirizi tunatumia kona ya msingi wa zege, juu ya chanja za dagaa. Mchikichi hukatwa, jiwe huhamishwa. Ipake rangi. Kutoka hapo nyoosha tepu hadi ukingo wa maji, kwa mstari ule ule kila mara, asubuhi upepo haujaamka.

Kisha pima kimo. Wengi huruka hatua hii, nami naiona ndiyo kazi yenyewe. Chukua mpira mwembamba unaoonesha ndani, ule mafundi wanaochukulia levo ya msingi. Ujaze maji, toa mapovu yote. Mmoja ashike ncha moja hadi maji yalingane na alama. Mwingine aegemeze ncha ya pili kwenye rula ndefu iliyosimama mchangani, asome kimo toka mchangani hadi usawa wa maji mpirani. Rudieni kila baada ya mita 2 mpaka ziwani. Mteremko ukizidi rula, wekeni alama mpya mwendelee.

Mkipata umbo la ufukwe, hesabu ni nyepesi. Ukiinama sentimita 5 kwa kila mita, ziwa likipanda nusu mita maji huingia mita 10 bila punje ya mchanga kuondoka. Mkipima tena, umbo likibaki lile lile, ziwa limejaa. Likishuka, mchanga umekwenda. Na ziwa hili hubadilika sana: baada ya 1878, lilipofungua njia ya mto Lukuga, unaotoa maji yake, lilishuka takriban mita 10. Ndiyo maana mnara wa Livingstone pale Ujiji leo uko mbali na maji.

Watafiti siku hizi wameegemea setilaiti. Picha za Landsat, setilaiti za Marekani, ni bure tangu 2008. Utafiti wa dunia nzima uliotoka 2018, uliotumia picha za kuanzia 1984, ulikuta asilimia 24 ya fukwe za mchanga za bahari zinalika zaidi ya nusu mita kwa mwaka. Nanyi zitumieni, ila linganisheni Oktoba na Oktoba, kwa kuwa Mei ziwa huwa limejaa mvua. Doa moja la picha ya Landsat lina upana wa mita 30 ardhini, la Sentinel-2, setilaiti za Ulaya, mita 10: mita 3 zilizoliwa mbele ya chanja zenu zitaonekana kwenye tepu kwanza.