Taa ya ndani ya gari haizimi? Anzia kwenye kitasa

Mlango umefungwa vizuri, taa inawaka usiku kucha, asubuhi betri imelala. Hapa Kizota magari ya hivyo naletewa sana wakati wa kiangazi, vumbi la Dodoma likishajaa kwenye vitasa. Magari mengi ya sasa swichi ya kuwasha na kuzima taa hiyo imo humohumo ndani ya kitasa, siyo ile ya mpira kwenye nguzo ya mlango.

Usikimbilie dukani. Mlango ukiwa wazi, sukuma ulimi wa kitasa kwa bisibisi mpaka ulie mara mbili, usubiri kidogo, maana taa nyingine huchelewa kuzima. Ikizima, shida ni mlango kukaa vibaya. Isipozima, fungua waya hasi wa betri, toa kava la mlango, bandua nailoni taratibu (ukiichana, mvua ya Desemba utaikuta ndani), kisha toa kitasa.

Pima swichi kwa mita ya umeme (multimita): ukibonyeza na kuachia, usomaji lazima ubadilike. Haubadiliki? Puliza dawa ya kusafishia kontakti, bonyezabonyeza. Ikigoma, chomelea swichi mpya kwa risasi ya kuchomelea nyaya, pini zikae vilevile. Grisi usiweke kwenye swichi, inashika mchanga.

Jaribu kabla ya kurudisha kava. Na kabla ya kufunga mlango uvute mkono wake kwanza, ulimi ufunguke, la sivyo mlango utagonga.