SOMO: Bima imeisha, gari limelala muda mrefu. Unaanzia wapi?

Hapa Tanzania kadi ya gari, yaani kadi ya usajili, haiishi muda. Kilichokuwa kinaisha kila mwaka ni rodi laisensi (ada ya barabara ya kila mwaka), nayo ilifutwa Julai 2017. Tangu hapo tunakatwa kwenye kila lita ya mafuta. Kwa hiyo kishoka (dalali asiye rasmi) akikwambia "usajili wako umekufa, lete laki mbili niuhuishe", mpe salamu uende zako. Namba binafsi tu, ile yenye jina badala ya T na tarakimu, ndiyo hulipiwa upya kila miaka 3.

Vinavyoisha kweli ni bima, ukaguzi, na leseni ya LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini) kwa gari la biashara. Fuata mpangilio huu, maana ukianza na LATRA utarudishwa.

1. Angalia deni. Ingiza namba ya gari kwenye tms.tpf.go.tz. Kosa moja la gari ni 30,000, na ukichelewa linaongezeka. Lipa kwa kontroli namba (namba ya malipo inayotolewa na mfumo) pekee. Ya serikali huanza na 99. Ukipewa namba ya simu ya mtu, usitume.

2. Kata bima kabla gari halijatoka getini. Bima ndogo (inayolipa hasara ya watu wengine tu) ya gari binafsi ni 100,000 kabla ya VAT. Gari la abiria huongezewa kwa idadi ya viti. Bima kubwa (inayolipa na gari lako pia) ya gari binafsi ni kama asilimia 3.5 ya thamani: gari la milioni 12 ni 420,000, ongeza VAT. Bima hairudi nyuma, hivyo ajali ya jana hailipwi kwa bima ya leo. Ukishalipa, hakiki stika kwenye mfumo wa TIRA (mamlaka ya bima) hapohapo, mbele ya wakala. Soma namba ya gari, chasisi na aina ya matumizi. Hapo kwenye matumizi ndipo watu wanaumia: gari limekatiwa bima ya binafsi, linabeba abiria wa kulipa, siku ya ajali kampuni inakataa madai.

3. Ukaguzi wa trafiki. Wanaokwama hukwama kwa vitu vidogo: tairi kipara, taa ya breki, kioo cha mbele kilichopasuka, fire extinguisha iliyopitwa na muda. Malizana na fundi kwanza.

4. LATRA, kwa daladala, teksi, bajaji na malori. Utahitaji kadi, TIN, bima hai na ripoti ya ukaguzi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Nina gari la 2012, rodi laisensi ilikatika kabla haijafutwa. Nadaiwa?
Jibu: Uliza TRA kwa namba ya gari, wakupe jibu la maandishi. Usimlipe mtu kwa maneno.

Swali: Kadi ina jina la muuzaji, naye ameshafariki. Naweza kukata bima?
Jibu: Bima si tatizo kubwa, umiliki ndio mzigo. Mkataba wenu peke yake hautoshi; tafuta msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, yeye ndiye atakayesaini uhamisho. Kama muuzaji yuko hai, mkuu, hamisha wiki hii.

Swali: Nimelipa faini, mfumo bado unaonyesha deni.
Jibu: Linganisha kontroli namba ya risiti na ya deni. Mara nyingi kuna makosa mawili, umelipa moja. Kama zinafanana, peleka risiti kituo cha trafiki.