Ripoti ya altrasaundi imesema una kinundu shingoni: isome hivi

Mimi ni mpimaji wa altrasaundi huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, na shingo ni miongoni mwa sehemu ninazopima sana. Rovu huku ni la tangu enzi za bibi zetu, kwa kuwa udongo wa milimani una upungufu wa madini joto. Vinundu kwenye tezi ya shingo (thairoidi) tunavikuta mno, hasa kwa akina mama, na umri ukisogea vinaongezeka. Zaidi ya 9 kati ya 10 si saratani. Lakini mtu akishaona neno "kinundu" kwenye ripoti, mistari mingine haisomi tena. Ananishika mkono: "Mwanangu, ndio ule ugonjwa?" Jibu mara nyingi liko kwenye mistari hiyo aliyoiruka.

Anza na sura ya kinundu, ukubwa uache kwanza. Chenye sm 4 kilichojaa maji matupu hakinitishi. Cha mm 12 kilicho nyama tupu, cheusi kuliko tezi inayokizunguka na chenye kingo zilizochongoka, hicho nakipima upya kabla hujashuka kitandani.

Tunaangalia mambo matano. La kwanza ni kilichomo ndani: maji, nyama, au vyote viwili. Ukiambiwa ndani kumejaa vitundu vidogo vidogo, kama kitumbua kilichokatwa katikati, shusha pumzi, hiyo ni sura ya kinundu salama. La pili ni weusi wake kwenye picha. La tatu ni umbo, kwani vinundu salama kwa kawaida hulala. Kilichosimama, yaani kina kikizidi upana, kinabeba alama (pointi) nyingi za shaka. La nne ni kingo. La tano ni vidoa vyeupe, na hapo ndipo ninapokwambia usimeze mate, maana shingo ikicheza sioni vizuri. Kidoa cheupe chenye kimkia kirefu kinachofifia kuelekea chini mara nyingi ni ute wa tezi ulioganda, hakina neno. Vidoa vidogo sana visivyo na mkia wala kivuli ndivyo vya kuvitilia shaka.

Alama hizo zikijumlishwa hupatikana daraja, kuanzia TR1 (salama) hadi TR5 (shaka kubwa), kwa mfumo wa TI-RADS uliotolewa na chama cha madaktari wa radiolojia cha Marekani mwaka 2017. Kama ripoti yako haina daraja, mwombe daktari aliyekutuma aulize. Ni haki yako, na ni swali la dakika moja.

Sasa ndipo ukubwa unaingia. TR1 na TR2 havihitaji sindano ya kutafuta saratani hata vikiwa vikubwa, ingawa kikibana koo kinaweza kunyonywa maji au kufanyiwa upasuaji. TR3 huchomwa sindano kikifika sm 2.5, TR4 kikifika sm 1.5, TR5 kikifika sm 1. Vilivyo chini kidogo ya hapo hupangiwa tarehe ya kurudia picha. Mtoto hapimwi kwa jedwali hili. Huyo apelekwe kwa daktari bingwa.

Kipimo cha damu cha TSH, yaani homoni inayoiamuru tezi kufanya kazi, kifanyike mapema. Kikiwa chini, huenda kinundu chenyewe ndicho kinachomwaga homoni, na vya namna hiyo ni nadra kuwa saratani.

Sindano hiyo ya kunyonya seli za kupimwa ni nyembamba, mara nyingi nyembamba kuliko ya kutolea damu. Majibu huja kwa makundi sita. Kundi la 2 ni salama. Kundi la 1 huwachanganya wengi: maana yake seli zilizopatikana hazikutosha, kwa hiyo kipimo kinarudiwa.

Ukirudi kwa picha ya pili, njoo na ripoti ya zamani, tafadhali. Nakuomba kwa dhati, maana bila hiyo sina cha kulinganisha. Na usishtuke mm 14 zikisomeka 15. Mkono wa mpimaji mwingine tu unaweza kuleta tofauti hiyo. Tunasema kimekua pale vipimo angalau viwili kati ya vitatu (urefu, upana na kina) vinapoongezeka kwa asilimia 20, na si chini ya mm 2 kila kimoja.

Chumvi yenye madini joto endelea nayo kama kawaida. Kuongeza vidonge vya madini joto kwa kujiamulia hakuyeyushi kinundu, na kunaweza kuvuruga tezi. Kuchua na kuchanja shingo acha kabisa.

Sauti ikikwaruza wiki kadhaa bila mafua, chakula kikikwama, uvimbe ukikua haraka au ukiwa mgumu usiosogea, au tezi nyingine zikijitokeza pembeni mwa shingo, usisubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi ya kliniki. Nenda wiki hiyohiyo. Pumzi ikibana, nenda siku hiyohiyo. Na kama kuna ndugu wa damu aliyewahi kuugua saratani ya tezi hii, au ulipigwa mionzi ya matibabu shingoni ukiwa mdogo, mwambie daktari hata asipokuuliza.