Ukimeza vitamini D, jumlisha lebo zote

Kama unatumia vidonge vya vitamini D, toa makopo yote ya virutubisho uliyonayo, uyapange mezani, usome lebo moja moja. Vitamini hii imo pia kwenye multivitamini, vidonge vya kalsiamu na mafuta ya ini la samaki, na wengi hawajumlishi. Mtu mzima wa hadi miaka 70 anahitaji takriban IU 600 (IU ni kipimo cha kimataifa kinachoandikwa kwenye lebo) kwa siku; bila usimamizi wa daktari, asivuke IU 4,000, yaani maikrogramu 100. Tafadhali angalia sana vidonge vya IU 50,000: hivyo kwa kawaida daktari huandika kimoja kwa wiki, na kuna watu humeza kila siku.

Ziada ya vitamini C hutoka na mkojo. Hii ya D huyeyuka kwenye mafuta na mwili huihifadhi, ndiyo maana madhara hujitokeza polepole. Kalsiamu hupanda kwenye damu, na mtu huanza kusikia kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, choo kigumu, uchovu, kiu isiyokatika na kukojoa mara kwa mara. Ikiachwa, figo huumia na mawe hujitengeneza. Ukiona dalili hizo, nenda ukapimwe kalsiamu, na makopo yako uende nayo.

Mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia digoksini (dawa ya moyo) au dawa za presha za kundi la thiazaidi, azungumze na daktari kabla ya kuanza.

Jua, kwa upande wake, halifanyi vitamini D ipite kiasi mwilini.