Hesabu ya maparachichi, mstari kwa mstari

Jioni nikishafunika cherehani, meza yangu ya kukatia vitambaa hapa Pasua, Moshi, inakuwa dawati la watoto wa jirani. Kujumlisha na kuzidisha wanaweza. Zinazowaliza ni hesabu za mafumbo, kwa sababu wanaanza kukokotoa kabla hawajajua wanatafuta nini.

Juzi mpwa wangu wa darasa la saba alikuja na hii: Mama alinunua maparachichi 60 kwa sh. 12,000. Sita yakaoza. Yaliyobaki akayauza sh. 300 kila moja. Alipata faida ya asilimia ngapi?

Kwanza mtoto afunge daftari, akusimulie hesabu kama anasimulia habari za sokoni Kiborloni. Huyu wangu alisimulia vizuri, ila yale sita yaliyooza hakuyataja kabisa. Nikajua angezidisha 60 kwa 300. Sikumwambia kosa. Nilimwambia, "Soma tena, mama, taratibu." Alipofika kwenye "yakaoza" akanyamaza, akachukua kalamu.

Kisha aandike juu ya ukurasa anachotafuta, halafu arudi nyuma kwa maswali. Ili nipate asilimia nahitaji nini? Faida na bei ya kununulia. Bei ya kununulia ninayo, faida sina. Ili nipate faida? Mauzo. Ili nipate mauzo? Idadi ya yaliyouzwa. Hiyo inapatikana kwenye namba nilizopewa, basi naanzia hapo:

Yaliyouzwa = 60 − 6 = 54
Mauzo = 54 × 300 = sh. 16,200
Faida = 16,200 − 12,000 = sh. 4,200
Asilimia ya faida = 4,200 ÷ 12,000 × 100 = 35%

Yale majina ya mwanzo wa mstari msiyaache, nawaomba sana. Mtoto mwenye namba tupu akifika mstari wa nne hakumbuki 16,200 ilikuwa ya nini, anagawanya kwa hiyo. Faida tunaipima kwa hela iliyotoka mfukoni, yaani 12,000.

Wala asiunganishe hatua hivi: 60 − 6 = 54 × 300 = 16,200. Alama ya sawasawa inasema pande zote mbili zinalingana, na 60 − 6 hailingani na 16,200.

Kuna jambo jingine linaloniuma, MAGAZIJUTO, ule mpangilio wa alama ipi ianze kwenye hesabu. Wote wanaikariri: Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa. Wape 10 − 4 + 3, wengi watajumlisha 4 na 3 wapate 7, watoe kwenye 10, jibu 3. Alama ya kutoa ni ya ile 4 peke yake. Ulikuwa na sh. 10, ukatumia 4, shangazi akakuongeza 3, unazo 9. Ukitaka kutanguliza kujumlisha, andika 10 + 3 − 4, kila namba ihame na alama iliyo mbele yake.

Jibu likipatikana, mtoto alirudishe mpaka kwenye swali. Asilimia 35 ya 12,000 ni 4,200. Jumlisha na 12,000, ni 16,200. Gawanya kwa 300, ni 54. Ongeza sita yaliyooza: 60. Hapo ndipo apige mstari chini ya jibu.